Tangi la Matumbawe Nyumbani: Kulianzisha na Kulikuza

Tangi la matumbawe ni akwariamu ya maji chumvi ambamo hufugwa matumbawe hai pamoja na samaki, konokono, kaa na viumbe wengine wa mwambani. Samaki wengi wa mtoni na ziwani wamezoea maji yanayobadilika kwa masika na kiangazi. Tumbawe halina mazoea hayo: limeumbwa kwa bahari ambayo chumvi na madini yake hayasogei sana mwaka mzima. Kwa hiyo anayefuga matumbawe kwanza hufuga maji. Taa, pampu, machujio na chupa zote zinazopangwa kwenye rafu za maduka ya samaki zina kazi moja, kuyafanya maji ya leo yafanane na ya jana, na kifaa kisichosaidia hilo ni pambo tu.

Tumbawe huonekana kama jiwe au mmea, lakini ni mnyama, au tuseme ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, kila mmoja na mdomo wake uliozungukwa na minyiri. Ndani ya nyama ya polipu huishi mwani wa chembe moja unaotumia mwanga kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari hiyo humwendea mwenyeji. Matumbawe magumu hutumia nguvu hiyo kujenga mifupa ya chokaa. Maji yakipata joto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika: mwani hutoka, tumbawe hubaki jeupe, na hali ikidumu hufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, pale miamba mingi ya Afrika Mashariki ilipopauka. Baharini, digrii moja juu ya joto la kawaida la msimu wa joto ikidumu wiki kadhaa yatosha kuleta madhara hayo. Ndani ya tangi dogo digrii moja hupanda mchana mmoja.

Ufugaji huu ulianza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1846 Mwingereza Anna Thynne alichukua matumbawe madogo kutoka pwani ya Torquay akayapeleka London, akayaweka hai kwa kumfanya mtumishi ayamimine maji kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi, kila siku, ili yapate hewa. Matumbawe ya nchi za joto yalisubiri zaidi ya karne moja. Wafugaji wa Berlin, Ujerumani, ndio waliounganisha mambo matatu ambayo bado ni msingi wa kazi hii: mawe hai, chujio la povu na mwanga mkali. Mpaka leo mpangilio huo huitwa njia ya Berlin.

Kosa la kwanza hufanyikia dukani. Mtu hununua tangi dogo kwa sababu ni rahisi kwa bei, akidhani ni rahisi pia kulitunza. Katika lita 40, samaki mmoja akifia nyuma ya jiwe usiku anaweza kuwa amechafua maji yote kabla ya alfajiri. Katika lita 300, mzoga uleule utaonekana kwenye vipimo lakini hautaangamiza wengine. Kwa anayeanza, lita 150 hadi 300 ni ukubwa wa busara. Uzito nao si wa kupuuzwa. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani kilo 1.025, hivyo tangi la lita 300 likiongezwa kioo, mawe, mchanga na meza yake linaweza kupita kilo 400. Kwenye sakafu ya zege ya nyumba ya chini hakuna neno. Ghorofani, tangi huegemezwa karibu na ukuta unaobeba jengo, tena baada ya kumuuliza fundi anayelijua jengo hilo.

Mahali pa kuliweka hutegemea pia hali ya hewa ya mji. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 24 na 27. Nairobi au Arusha tangi huhitaji hita, hasa Julai. Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar shida ni kinyume: bahari yenyewe huwa na nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na hufika 29 kaskazi linapoelekea kwisha, na chumba kisicho na kiyoyozi huyapasha maji zaidi ya hapo. Feni inayopuliza juu ya maji huyapoza kwa kuyavukiza, lakini pwani, penye unyevu mwingi hewani, msaada wake hupungua. Ndipo panapohitajika mashine ya kupozea maji, ambayo ni ghali na hula umeme. Dirisha lenye jua la moja kwa moja liepukwe mji wowote.

Chini ya tangi, ndani ya kabati, wafugaji wengi huweka tangi la pili. Maji hushuka humo kwa bomba, hupita kwenye vichujio, kisha pampu huyarudisha juu. Faida yake ni kuongeza ujazo wa maji na kuficha hita na makorokoro mengine. Lakini tangi la chini lina jaribio moja lisiloepukika kabla ya kiumbe yeyote kuingia: mfumo wote hujazwa maji, pampu huwashwa, kisha swichi huzimwa ghafla, kama umeme unavyokatika. Maji yaliyo juu ya mdomo wa bomba yataendelea kushuka. Ikiwa tangi la chini halikuachiwa nafasi, yatamwagika sakafuni. Bomba la kurudisha maji nalo likiwa limezama sana huyanyonya maji kinyumenyume. Tundu dogo linalotobolewa karibu na uso wa maji huingiza hewa na kuukata mnyonyo huo. Tundu hilo huzibwa na mwani baada ya muda, kwa hiyo jaribio hurudiwa kila baada ya miezi michache. Nyaya zote huachwa zining'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke badala ya kuingia kwenye umeme, na swichi kuu iwe ya aina inayojikata yenyewe umeme unapovuja.

Kwenye miji ambako umeme hukatika, kinachoua kwanza huwa ni ukosefu wa oksijeni. Maji yaliyosimama huishiwa hewa kwa saa chache, na tangi lenye samaki wengi huishiwa upesi zaidi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, ya bei ya chini kabisa, imeokoa matangi mengi kuliko mitambo ya kifahari. Mwenye uwezo huunganisha pampu ya mzunguko na inveta. Hita na taa vinaweza kusubiri.

Maji ya bomba hayafai kuchanganywa na chumvi yakiwa vilevile. Yana klorini, fosfeti, na mara nyingine shaba kutoka kwenye mabomba; shaba kidogo tu huua konokono, kamba na matumbawe. Hutumika maji yaliyopitishwa kwenye utando mwembamba na kisha kwenye resini, hadi kipimo cha chembe zilizoyeyuka kisome sifuri. Humo huyeyushwa chumvi maalumu ya akwariamu, yenye kalsiamu, magnesiamu na madini mengine. Chumvi ya mezani si badala yake. Kwa kawaida huhitajika karibu gramu 38 kwa lita, na kipimo cha refraktomita kinapaswa kusoma sehemu 35 kwa elfu, yaani uzito linganifu wa 1.026 hivi. Aliye pwani anaweza kutumia maji ya bahari yenyewe, mradi yachotwe mbali na midomo ya mito na mifereji ya mji, maji yanapojaa, na si wakati wa masika ambapo matope na maji ya mvua hutanda hadi nje ya mwamba. Huchujwa, huachwa gizani siku kadhaa, na hupimwa kama maji mengine yoyote.

Maji yanapovukiza, chumvi hubaki. Tangi la lita 300 likipoteza lita kumi, chumvi hupanda kutoka 35 hadi zaidi ya 36. Kwa hiyo pengo hujazwa kwa maji matamu yaliyosafishwa, kidogo kidogo na kila siku. Kifaa chenye kihisi na pampu ndogo kinachofanya kazi hiyo chenyewe kingestahili kununuliwa kabla ya taa ya gharama.

Mawe ndiyo mtambo wa usafi. Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, na wa kundi lingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hao hukaa kwenye matundu ya mawe, na huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana kiasi cha kutosha. Katika muda huo tangi huwa na maji, mawe, mchanga na amonia inayotiwa kwa kipimo, mpaka kama miligramu 2 kwa lita, bila samaki hata mmoja. Likiweza kuimaliza amonia hiyo kwa saa 24, na naitraiti pia ikasoma sifuri, liko tayari. Mtindo wa zamani wa kutumia samaki mmoja kama chambo ni ukatili usio na faida.

Mawe hayo hupatikana yakiwa makavu, ya kuchimbwa nchi kavu au ya kutengenezwa kwa saruji, au yakiwa hai, yametoka baharini au kwenye tangi la mfugaji mwingine. Kung'oa matumbawe mwambani si njia. Hifadhi kama za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, au Chumbe karibu na Zanzibar, haziruhusu kuchukua chochote, na matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, kwa hiyo kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Bahati nzuri matumbawe hukatwa na kupandwa kama pingili za muhogo; kipande cha urefu wa kidole, kikigundishwa juu ya jiwe, huwa kundi zima baada ya mwaka mmoja au miwili. Wafugaji wengi duniani hawajawahi kununua tumbawe lililotoka baharini. Samaki wa anemoni, wale wa rangi ya chungwa na mistari myeupe waliopata umaarufu kwenye filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003, nao huzalishwa kwenye matangi tangu miaka ya 1970.

Chujio la povu hufanya kazi inayoonekana ufukweni siku za upepo mkali, mawimbi yanapoacha povu la rangi ya kahawia mchangani. Uchafu wa protini hupenda kung'ang'ania mahali maji yanapokutana na hewa. Ndani ya chujio, mapovu madogo mno hupandishwa kwenye mrija, uchafu hunata juu yake, na povu zito humwagikia kikombeni likiwa limegeuka maji meusi yanayonuka. Kikombe hicho kisipooshwa kwa wiki moja, mafuta ya shingoni hulizuia povu kupanda na chujio huwa halifanyi kitu.

Mwanga na mkondo wa maji hutegemea aina ya tumbawe. Matumbawe laini na yale yenye polipu nene hutosheka na mwanga wa wastani. Jamii ya Acropora, yenye matawi kama pembe za kulungu, hutaka mwanga mkali unaoelemea kwenye buluu na maji yanayokwenda kwa nguvu, yakibadili mwelekeo. Mkondo unaopiga upande mmoja tu huichubua nyama ya tumbawe. Pampu mbili zinazotazamana na kupokezana hufaa kuliko moja kubwa.

Sehemu inayowashinda wengi ni madini. Tumbawe gumu hujenga mfupa wake kwa kuchukua majini kalsiamu na bikaboneti. Wingi wa bikaboneti hupimwa kwa jina la ualkali, na kizio chake ni dKH. Viwango vya kulenga ni kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, ualkali dKH 7 hadi 10, na magnesiamu karibu 1,300. Magnesiamu hii huizuia chokaa isijigandie yenyewe kwenye pampu na hita. Vitu viwili vya kwanza hutumika kwa uwiano usiobadilika: kwa kila miligramu 20 hivi za kalsiamu, ualkali hushuka karibu dKH 2.8. Kwa kuwa akiba ya ualkali ni ndogo zaidi, ndio unaoonyesha tatizo kwanza, na ndio wa kupimwa mara nyingi. Kipimo chake ni rahisi: maji kidogo ya tangi kwenye kichupa, tone la rangi, kisha dawa ya sirinji hudondoshwa huku kichupa kikitikiswa mpaka rangi igeuke. Kipimo cha saa ileile kila siku kwa wiki moja, bila kuongeza chochote, huonyesha matumbawe yanakula kiasi gani. Idadi hiyo ndiyo dozi.

Njia ya zamani ya kuyalisha ni chokaa. Kwa karne nyingi wajenzi wa Kilwa, Lamu na Zanzibar walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa ya kuta na mapaa yao. Wafugaji hufanya safari hiyo kwa kurudi nyuma: chokaa safi iliyozimwa huyeyushwa kwenye maji matamu, gramu moja na nusu hivi kwa lita, huachwa itue, na maji maangavu ya juu hutumika polepole kujaza pengo la mvukizo. Tumbawe huigeuza kuwa jiwe tena. Chokaa ya kupaka ukuta haifai, kwa kuwa haijulikani imechanganyika na nini. Maji yake ni makali, pH yake hupita 12, kwa hiyo hutiwa kwa matone, na ikiwezekana usiku, pale pH ya tangi inaposhuka. Kikomo chake ni kwamba hayawezi kuzidi maji yanayovukiza. Matumbawe yakikua, huhitajika michanganyiko miwili, mmoja wa kalsiamu na mwingine wa ualkali, inayotiwa mahali tofauti. Ikikutana kabla ya kusambaa, huganda papo hapo kama ukungu mweupe.

Viumbe huingia kwa zamu. Konokono na kaa wadogo wala mwani huja mwani wa kahawia unapotanda kwenye mchanga, hatua ambayo karibu kila tangi jipya huipitia. Kisha samaki mmoja au wawili, na matumbawe laini. Acropora hungoja miezi mingi. Samaki kama kangaja huuzwa wakiwa wadogo wa kupendeza, lakini kangaja wa buluu hufikia sentimita 30 na hufaa kwenye tangi la lita 600 au zaidi. Na ingawa naitreti na fosfeti nyingi huotesha mwani, kuzifikisha sifuri kabisa nako ni balaa: matumbawe hupauka na vijidudu vya utando wa kahawia hushika nafasi.

Baada ya mwaka au miwili tangi hujaa, na hapo huja hamu ya kulikuza. Kanuni ya kwanza ni kubadili kitu kimoja kwa wakati, kisha kungoja wiki mbili au tatu. Taa mpya ndiyo inayodhuru upesi. Tumbawe lililozoea taa ya zamani likiangaziwa mpya kwa nguvu zote hupauka kama lililopigwa na joto. Hivyo taa huanzishwa kwa nguvu ndogo na kupandishwa kidogo kila wiki.

Kuhamia tangi kubwa ni kazi ya siku nzima yenye maandalizi ya wiki nzima. Tangi jipya hujazwa na kuachwa siku mbili kuona kama linavuja. Maji mapya huchanganywa mapema, na hulinganishwa na ya zamani kwa joto, chumvi na ualkali. Huo wa mwisho husahauliwa mara nyingi, kisha lawama humwendea muuza matumbawe. Siku ya kuhama, nusu ya maji masafi ya zamani hufyonzwa kwa mpira na kutunzwa kwenye mapipa. Matumbawe hutolewa kwanza, kisha mawe, na samaki mwisho, kwani bila mawe hawana pa kujificha na hunaswa bila kufukuzwa. Glavu na miwani ni lazima. Baadhi ya matumbawe madogo ya jamii ya zoanthidi yana palitoksini, sumu kali, na mawe yenye viumbe hao hayachemshwi kamwe: mvuke wake umewapeleka watu hospitali.

Mchanga wa zamani ndio mtego mkubwa. Umejaa uchafu wa miaka, na tabaka la chini lisilo na oksijeni hushika gesi inayonuka kama yai viza. Ukitibuliwa na kumwagwa kwenye tangi jipya, amonia hupanda usiku uleule. Mchanga hununuliwa mpya, au wa zamani huoshwa mpaka maji yatoke maangavu. Bakteria hawatapotea, maana wengi wao wako kwenye mawe, na mawe yamehama yakiwa na unyevu.

Dozi za madini nazo huchanganya watu. Matumbawe yaliyokuwa yakipunguza ualkali dKH 1 kwa siku katika lita 100 yatapunguza theluthi yake katika lita 300. Lakini mililita za dawa hazibadiliki, kwa sababu walaji ni walewale. Anayezizidisha mara tatu eti tangi limekuwa kubwa mara tatu huzidisha ualkali. Dozi itapanda yenyewe kadiri matumbawe yanavyokua kwenye nafasi mpya, na kipimo cha kila siku ndicho kitakachosema lini. Kwa wiki mbili za mwanzo amonia hupimwa pia, na samaki mpya haongezwi kwa mwezi.

Tangi la zamani lisiuzwe. Likiwekewa hita, chujio dogo la sifongo na vipande vya bomba vya kujifichia, huwa karantini. Ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kijidudu Cryptocaryon irritans, huingia na samaki mpya, na dawa yake ya kawaida ni shaba, isiyoweza kutiwa kamwe penye matumbawe. Samaki mpya hukaa karantini wiki nne hivi akiangaliwa. Ugonjwa ukishaingia tangi kuu, samaki wote hutolewa na kutibiwa kando, na mwamba huachwa bila samaki kwa takribani siku 76, mpaka kijidudu kikose mwili wa kukaa. Tumbawe jipya nalo huoshwa na kukaguliwa upande wa chini wa jiwe lake, mayai ya konokono waharibifu na minyoo bapa hubanduliwa kwa wembe, na kipande hicho hukaa peke yake wiki kadhaa kwenye chombo kisicho na samaki na ambacho hakijawahi kutiwa shaba.